Mapacha, Kikapu cha Kura na Mstari Mmoja wa Msimbo

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa. Kazi za wateja zilinibana hadi nikasahau neno la siri la kuingilia ukurasa wangu mwenyewe. Leo nimerudi na jambo ambalo limenikaa kichwani tangu mwaka 2009, na linaanza na kosa langu.

Mwaka huo shule moja ya chekechea hapa Nairobi (jina nitalihifadhi, walimu wake ni watu wema) ilikuwa na nafasi 24 na maombi 71. Mwalimu mkuu alikuwa amechoshwa na simu za wakubwa waliotaka watoto wao wapitishwe mlango wa nyuma, akaamua nafasi zigawiwe kwa kura. Kwa kuwa mimi ndiye "yule kijana wa kompyuta" mtaani, nikaombwa niandike programu. Niliiandika kwa PHP jioni moja, kikombe cha chai pembeni. Majina yanaingia, yanachanganywa, 24 ya kwanza yanatoka. Kamati ilitoa sharti moja tu: watoto wa nyumba moja wasitenganishwe. Nikasema hilo ni jepesi, nikaongeza mstari mmoja: mtoto akichaguliwa, na ndugu yake yumo kwenye orodha, mchukue ndugu naye.

Jumamosi ya kura tukaweka projekta ukumbini. Majina yakatoka moja moja, makofi yakapigwa. Mapacha wa nyumba mbili waliingia, wote wanne. Baadaye nikiwa nakunja nyaya, mama mmoja aliyekuwa na mtoto mmoja tu, kifungua mimba wake, akanijia. Hakuwa na hasira. "Kijana wangu," akaniuliza, "hao wenye mapacha walikuwa na vikaratasi vingapi kwenye kikapu chako?"

Nikafungua mdomo nimweleze kwamba tarakilishi haina kikapu, kisha nikanyamaza. Jibu lilikuwa viwili. Yeye alikuwa na kimoja, na mtoto wake hakuwa ameingia.

Hebu tufanye hesabu kwa namba nyepesi. Nafasi ni 20, majina ni 100, na kati yao wamo mapacha wa nyumba moja tu. Bila sharti lolote la ndugu, kila mtoto ana nafasi 20 kwa 100. Lakini mapacha wote wawili kuingia pamoja hutokea mara 4 hivi katika kila kura 100, na mara 32 mmoja anaingia mwenzake anabaki nje. Ndiyo maana kamati iliogopa. Sasa weka mstari wangu. Akitokea mmoja wao mapema, wote wanaingia, na uwezekano wao unapanda hadi karibu 35 kwa 100. Na kama kwenye orodha hiyo hiyo kuna jozi 10 za mapacha badala ya moja, jozi zinabaki na karibu 31 kwa 100 huku mtoto asiye na pacha akishuka hadi karibu 17. Nafasi hazikuongezeka. Zilitoka mfukoni mwa mtu, na mtu huyo ni yule mama.

Nilirudi nyumbani nikidhani nimegundua jambo jipya. Wapi! Nilipoanza kusoma nikakuta watu wamelipigania kwa miongo, na wengine wamepewa tuzo ya Nobeli kwa kulichambua. Sisi wa kizazi changu tulizoea kugawiwa shule kwa alama za KCPE, mtihani uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, kwa hiyo kura ya shule ya umma inaweza kuonekana kama mchezo wa kigeni. Huko Marekani si mchezo. Tangu jimbo la Minnesota lipitishe sheria ya kwanza ya shule za umma za mkataba mwaka 1991, kura imekuwa njia ya kawaida ya kuingia shule hizo, na zile zinazopokea fedha za mpango wa serikali kuu lazima zipige kura maombi yakizidi nafasi. Kanuni hizo hizo zinaruhusu ndugu wa wanafunzi waliomo kupita bila kura. (Kumbuka pia kwamba kwa Kiswahili "kupiga kura" kulikuwa na maana hii ya kubahatisha kabla hakujawa na sanduku la uchaguzi. Lugha yetu ilishajua.)

Lakini historia yenyewe haianzii shuleni. Inaanzia hospitalini.

Katika miaka ya 1940 hospitali za Marekani zilikuwa zinagombania madaktari wanafunzi kiasi kwamba zilianza kuwapa kazi miaka miwili kabla hawajamaliza chuo. Ili kumaliza fujo hiyo, mwaka 1952 wakaanzisha mfumo mmoja wa kitaifa: mwanafunzi anaandika orodha ya hospitali anazozitaka, hospitali inaandika orodha ya wanafunzi inaowataka, na mashine inawaunganisha. Miaka kumi baadaye, mwaka 1962, wanahisabati wawili, David Gale na Lloyd Shapley, wakachapisha makala fupi kuhusu udahili wa vyuo na uthabiti wa ndoa. Hawakuwa wakizungumzia madaktari, lakini njia yao ilikuwa kimsingi ile ile.

Njia yenyewe ni nzuri mno kuiruka. Kila mtoto anabisha hodi kwenye shule anayoipenda zaidi. Shule inawashika kwa muda wale wenye kipaumbele cha juu mpaka nafasi zitoshe, inawakataa wengine. Waliokataliwa wanabisha hodi shule ya pili kwenye orodha zao. Shule hiyo inalinganisha wapya na wale ilioshika, na ikiwa mpya ana kipaumbele zaidi, wa zamani anaachiwa aende zake. Hakuna nafasi ya kudumu mpaka kila hodi imekwisha. Mwisho wake hutakuta mtoto anayeweza kusema: "Shule ile niliitaka zaidi, na wamemchukua mtu aliye nyuma yangu." Matokeo ya namna hiyo wanayaita thabiti, na Gale na Shapley walithibitisha kwamba yanapatikana kila mara. Kila mara! Mwandishi wa programu akisikia hivyo anapata usingizi mzuri.

Usingizi ulikatizwa na mapenzi. Wanawake walipoongezeka vyuo vya udaktari, wakaongezeka pia wanafunzi waliooana darasani, nao walitaka hospitali mbili za mji mmoja. Suluhisho la kwanza lilikuwa la kienyeji: mume na mke walitakiwa kutaja nani kati yao ni kiongozi. Kiongozi anapangiwa kwanza, kisha orodha ya mwenzake inakatwakatwa ili zibaki hospitali za mji ule ule. Wengi hawakuupenda mpango huo, wakaanza kutafuta kazi wenyewe nje ya mfumo. Mwaka 1984 mwanauchumi Alvin Roth akaonyesha kwamba tatizo si uvivu wa watunga mfumo. Wakiwamo wanandoa, matokeo thabiti yanaweza kutokuwepo kabisa. Si kwamba ni magumu kuyapata, bali hayapo. Mwaka 1990 Eytan Ronn akaongeza kwamba hata kujua tu kama yapo au hayapo ni swali la aina ile ambayo hakuna anayejua njia ya haraka ya kulijibu kwa kila hali.

Badala ya mume na mke, weka kaka na dada. Kuna shule mbili zinazotazamana barabarani, A na B, kila moja ina nafasi moja, na kila moja imepiga kura yake. Wazazi wa kaka na dada wanataka kaka aende A na dada aende B, nauli ya matatu iwe moja. Wakikosa moja, wote wawili wanakwenda kwa nyanya yao kijijini kusoma huko. Mtoto wa tatu ni Juma, ambaye anaipenda A kuliko B. Kwa kura ya A, kaka yuko mbele ya Juma. Kwa kura ya B, Juma yuko mbele ya dada.

Anza sasa. Kaka na dada wanakaa A na B. Juma anakuja B na namba yake nzuri, dada anatolewa. Dada akitoka, kaka naye anaacha A, wanakwenda kwa nyanya. A iko wazi, na Juma anaipenda zaidi, anahamia A. B imebaki wazi. Wazazi wanarudi: kaka ana namba nzuri kuliko Juma pale A, na B haina mtu. Wanaingia wote wawili, Juma anatolewa. Juma anabisha hodi B... na tumerudi tulipoanza. Paka anafukuza mkia wake. Ukiiandika programu hii bila kikomo, itazunguka hadi umeme ukatike. Watoto watatu tu na viti viwili! Hakuna mgawanyo hata mmoja ambao hautamwacha mtu na malalamiko ya haki.

Kwa hiyo swali la yule mama halikuwa na jibu ambalo ningelipata kwa kuandika msimbo bora zaidi. Mtu lazima aamue nani atabeba hasara. Kilichonivutia katika kusoma historia ni kuangalia nani aliamua, na kama alijua kwamba anaamua.

Mji ambao hadithi yake imeandikwa kwa undani ni Boston. Hapo shule si jambo dogo. Mwaka 1974 Jaji Arthur Garrity aliamua kwamba bodi ya shule ya mji ilikuwa imewatenga watoto weusi kwa makusudi, akaagiza wasafirishwe kwa mabasi kuvuka mitaa, na mji ukalipuka kwa vurugu. Baadaye mji ukahamia mfumo wa wazazi kuchagua shule huku uwiano wa rangi ukiangaliwa. Mwaka 1999 uwiano wa rangi ukafutwa, na foleni ikapangwa hivi: kwanza mwenye ndugu shuleni ambaye pia anaishi umbali wa kutembea kwa miguu, kisha mwenye ndugu tu, kisha wa jirani tu, kisha wengine wote. Ndani ya kila kundi, namba ya bahati nasibu.

Kwa karatasi, ndugu alikuwa amelindwa. Lakini msimbo ulisoma mambo kwa mpangilio mwingine. Tarakilishi ya Boston ilipitia kwanza chaguo la kwanza la kila mtoto na kugawa nafasi moja kwa moja, za kudumu, si za kushikwa kwa muda kama kwa Gale na Shapley. Ikaja kwenye chaguo la pili baada ya hapo. Maana yake, kipaumbele cha ndugu kilifanya kazi ndani ya duru ile ile tu. Mzazi aliyeandika shule ya mtoto mkubwa kama chaguo la pili, akitumaini kwamba ndugu atamvuta mdogo wake, alikuta nafasi zimekwisha kuchukuliwa na wageni wasio na ndugu yeyote pale, kwa sababu wao waliiandika ya kwanza. Haki aliyokuwa nayo ilikuwa imeyeyuka, na fomu haikumwambia.

Wazazi wenye muda walijua. Walikuwa na vikundi vya kukutana, wakipeana mbinu za kuijaza fomu: shule gani imejaa ndugu mwaka huu, usiitaje ya kwanza bure. Wenye kazi mbili za zamu, au wasiosoma Kiingereza vizuri, waliandika ukweli wa mioyo yao na wakaadhibiwa kwa hilo. Mwaka 2003 Atila Abdulkadiroğlu na Tayfun Sönmez walichapisha makala iliyoonyesha kasoro hii, gazeti la mji likaiandika, na wataalamu wakaitwa kukaa na maofisa wa shule. Mwezi Julai 2005 kamati ya shule ikapiga kura (hii ni ile ya kunyoosha mikono) kuhamia njia ya Gale na Shapley, nayo ikatumika kuanzia 2006. Hoja iliyoshinda haikuwa ya hisabati. Msimamizi wa shule, Thomas Payzant, aliieleza kama suala la usawa: mzazi asiye na muda wa kucheza mchezo asishindwe na mwenye muda.

Mimi nikisoma hapo nilipiga makofi. Kisha nikamkumbuka yule mama. Mfumo mpya uliiheshimu zaidi foleni ile ile, na mbele ya foleni bado alikaa ndugu. Chukua shule yenye viti 40 vya chekechea na ndugu 22 wanaovitaka. Kura ambayo familia zote mpya zinaingojea kwa hamu ni ya viti 18, si 40. Kifungua mimba ndiye anayelipa, na mwenzake ni mgeni aliyehamia mjini mwezi uliopita. Familia ya kifungua mimba ikibahatika, italipwa baadaye kitinda mimba atakapoingia bure. Isipobahatika, haitalipwa kamwe. Bahati ya siku moja inageuka kuwa urithi wa nyumba nzima kwa miaka kumi.

Msinielewe vibaya, sipingi kipaumbele cha ndugu. Mzazi mwenye watoto wawili katika shule mbili zinazofungua saa ile ile hawezi kujigawa. Nimewaona asubuhi wakikimbia na begi mgongoni na mkono mmoja umeshika mtoto analia. Ninachosema ni kwamba kipaumbele hiki kina bei, na bei hiyo haionekani kwenye fomu.

Boston ilitoa somo jingine moja, la mpangilio, ambalo kila mwandishi wa programu angelichapisha na kulibandika ukutani. Mwaka 1999 mji uliamua nusu ya viti vya kila shule viwe vya kuwapendelea majirani, nusu nyingine viwe wazi kwa wote. Ulikuwa muafaka wa kisiasa, nusu kwa nusu. Lakini programu ilijaza viti vya majirani kwanza. Majirani wenye namba nzuri za bahati nasibu, ambao wangeingia hata kwenye viti vya wazi, wakavimaliza vile vya majirani. Waliobaki kushindania viti vya wazi walikuwa majirani wenye namba mbaya, nao wakashindwa. Matokeo yakawa karibu sawa na kama kipaumbele cha majirani kisingekuwepo. Miaka mingi watu walibishana mikutanoni kuhusu ile nusu, na kumbe hatima yake ilikuwa ndani ya swali ambalo hakuna aliyeliuliza: tunaanza na rundo lipi? Jambo hilo lilipowekwa wazi mwaka 2013 kipaumbele cha majirani kikafutwa, na mwaka uliofuata mpango mpya ukaanza kutumika, uliobuniwa na Peng Shi, wakati huo mwanafunzi wa MIT. Kipaumbele cha ndugu hakikuguswa.

Sasa tushuke hadi Chile, maana huko ndiko walikodiriki kulikabili suala la ndugu uso kwa uso. Boston ni mji. Chile walilifanya nchi nzima, na kwao ndugu ni jambo zito zaidi kwa sababu shule nyingi huchukua watoto tangu chekechea hadi mwisho wa sekondari. Dada wa miaka 14 na kaka wa miaka 4 wanaweza kupita geti moja. Hapo awali shule zilikuwa na njia zake za kuchuja watoto, pamoja na mahojiano ya wazazi. Baada ya maandamano makubwa ya wanafunzi ya mwaka 2006 na 2011, sheria ya 2015 chini ya Rais Michelle Bachelet ilikataza uchujaji huo katika shule zinazopokea ruzuku ya serikali. Mfumo wa kura ulianza mwaka 2016 huko Magallanes, ncha ya kusini kabisa, ukapanda mkoa kwa mkoa, na Santiago ikaingia mwisho, mwaka 2019. Ndugu wa mwanafunzi aliyemo shuleni akawekwa mbele ya foleni, na asilimia 15 ya nafasi zikatengewa watoto wa familia zenye hali ngumu.

Timu iliyounda programu hiyo, akiwemo José Correa wa Chuo Kikuu cha Chile, ilikuta lile fumbo la kaka na dada wangu wa barabarani, ila kwa maelfu. Familia nyingi zilikuwa na watoto wawili au watatu wote wakiomba kwa mara moja, hakuna hata mmoja aliyekwisha kuwa ndani. Nani amvute nani? Wakafanya hivi. Programu inaanza na darasa la juu kabisa na kushuka chini. Mtoto mkubwa akipata shule, papo hapo wadogo zake wanahesabiwa kuwa na ndugu katika shule ile. Juu ya hayo wakaweka kisanduku kwenye fomu: je, mnataka kuomba kama familia? Mzazi akikubali, shule aliyopata mkubwa inapandishwa hadi juu ya orodha ya mdogo, hata kama mdogo alikuwa ameiandika ya nne.

Mmeiona? Ni yule "kiongozi" wa wanandoa madaktari, amerudi baada ya miongo, safari hii amevaa sare ya shule. Na bei ni ile ile. Mkubwa akiangukia chaguo lake la nne, mdogo anaburutwa huko hata kama angepata chaguo lake la kwanza peke yake. Tofauti, na kwangu ni tofauti kubwa, ni kwamba Chile walimuuliza mzazi. Hawakuificha bei ndani ya mstari wa msimbo kama nilivyofanya mimi.

Mwaka 2022 Umut Dur, Thayer Morrill na William Phan walichapisha uchunguzi wa suala hili hili, wakiangalia shule za kaunti ya Wake huko North Carolina. Pale wazazi wanapotaka watoto wawe pamoja, hata njia ya Gale na Shapley inaweza kupoteza ile sifa yake ya kumlinda anayeandika ukweli. Mzazi anaweza tena kufaidika kwa kucheza na fomu. Yaani Boston walifunga mlango, ndugu wakaingilia dirishani.

Nirudi kwetu. Nilimweleza mwalimu mkuu yote niliyoyasoma, kwa ufupi kuliko hapa, na mwaka 2010 tukabadilisha programu. Kila nyumba ikawa na kikaratasi kimoja, iwe na mtoto mmoja au watatu. Kwa ile hesabu yangu ya viti 20 na majina 100, nyumba ya mapacha inashuka kutoka 35 hadi 19 kwa 100, karibu sawa na yule mama. Nilijisikia hakimu Suleiman. Furaha ilidumu mpaka mjumbe mmoja wa kamati, baba wa mapacha, aliponiuliza: kikibaki kiti kimoja na kikaratasi chetu ndicho kimetoka, mtafanyaje? Programu yangu ya 2009 ingeongeza kiti cha 25 kimyakimya, bila kumwuliza mtu. Mwalimu mkuu akasema kiti cha 25 hakipo, chumba kimejaa.

Suala jingine ni neno lenyewe. Fomu iliuliza, "Je, mtoto ana ndugu anayeomba?" Kwa Kiswahili chetu ndugu ni wengi, na wazazi walijaza kwa uaminifu kabisa: binamu, mtoto wa shangazi anayelelewa hapo nyumbani, hata mtoto wa jirani waliyechangia jina la ukoo. Tuliibadilisha ikawa "mtoto mwingine anayelala nyumba hii". Haikuzuia kila kitu lakini ilipunguza maneno.

Kwa kile kiti cha mwisho tuliongeza swali chini ya fomu, na visanduku viwili. Ikibaki nafasi moja tu: mmoja wa watoto wenu aingie, au wote wasubiri? Mwaka huo tulikuwa na nyumba sita zenye watoto zaidi ya mmoja. Nne zilichagua wote wasubiri. Moja ilichagua mmoja aingie, ikaandika na jina lake. Baba wa nyumba ya sita alikata visanduku vyote viwili kwa kalamu nyekundu, na pembeni akaandika namba yake ya simu na maneno matatu: "Nipigieni simu kwanza."